Maswali yenu: Binti nimwite Rehani, au ndo namweka dhamana?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi msomaji wako niko Tanga, mimba yangu ina miezi saba na kipimo kimesema ni wa kike. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mirehani uani kwake, kila jioni anachuma majani anatusugulia viganjani tukienda kulala mikono inanukia, alifariki mwaka jana, nikasema huyu mtoto nitamwita Rehani, kumkumbuka bibi. Mume hana neno. Sasa juzi tumekaa kifamilia baba mkubwa wa mume akacheka mpaka akakohoa, anasema Rehani tena, mtoto ndo mnamweka benki? Toka siku hiyo mawifi wananiita Mama Mkopo. Anti naomba unieleze, hivi hilo jina maana yake ni ule mmea au ni hiyo ya benki? Na kuna watu wanaitwa hivyo kweli au nimelitunga mwenyewe? Naogopa akianza shule watamtania.
Mama Mtarajiwa, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa bibi. Nimecheka hapo kwenye Mama Mkopo, nisamehe, ila mawifi zako wana kipaji.

Wewe uko sahihi na baba mkubwa naye yuko sahihi, na hapo ndipo penye kazi. Kiswahili kina rehani mbili, zinaandikwa sawa, zinatamkwa sawa, lakini hazina undugu hata wa kuazimana chumvi. Zote zimetoka Uarabuni, kila moja na chombo chake. Ule mmea kwa Kiarabu ni raihan, na hiyo "h" yake ni ile ha nzito ya kooni, ile ya Muhammad na Hassan. Ile ya benki inatokana na rahn, wingi wake rihan, na yenyewe ina ha nyepesi, ile ya Ibrahim. Kwa Mwarabu hizo ni herufi mbili tofauti kabisa, hawezi kuzichanganya kama wewe usivyochanganya pa na ba. Sisi tuna "h" moja tu, zikafika pwani zote zikatumbukia kwenye neno moja, basi.

Sasa mliosoma chuo cha Kurani mnajua Kiarabu kinajenga maneno kwenye herufi tatu tatu. Raihan imekaa nyumba moja na roho, na raha, na riha yaani harufu. Soma tena hapo: roho, raha, harufu nzuri, mwanao anakuwa binamu wa hayo yote. Rahn imekaa nyumba ya kushikilia, kuzuia kitu mpaka deni lilipwe. Na yote mawili yamo kwenye Kurani. Hiyo ya deni iko al-Baqara aya ya 283, pale wanapoambiwa wakiwa safarini na hawana mwandishi basi dhamana ishikwe mkononi. Hiyo ya harufu iko ar-Rahman aya ya 12, inatajwa pamoja na nafaka kwenye kuhesabu neema, halafu inarudi al-Waqia aya ya 89 kwenye habari ya waliokaribishwa, wanapata raha na raihan na bustani ya neema. Kwahiyo akikuchokoza tena mwambie kwa heshima zote, baba mkubwa wewe umefungua Baqara mimi nimefungua Rahman.

Hayo ni maana. Ila umeniuliza kama mtoto atataniwa, na hapo sitakudanganya. Angalia hata wewe kwenye barua yako, umeandika bibi alikuwa na mirehani. Hukuandika rehani. Kwenye kamusi utakuta rehani ni majani au maua ya mrehani, lakini mdomoni watu tumebaki na jina la mti, mrehani, tukitaka majani tunasema majani ya mrehani. Neno rehani likibaki peke yake siku hizi kila sikio linakimbilia kwenye nyumba, hati, na dalali. Utamweleza baba mkubwa ataelewa, utamweleza mwalimu ataelewa, utaeleza miaka kumi na nane, na kila fomu atakayojaza kuna mtu ataleta utani uleule akidhani kauanzisha yeye.

Halafu kuna jambo la pili sijui kama umelifikiria. Rehani hivyohivyo ilivyo, bila a mwishoni, ni jina la mwanaume. Mimi darasa la tano nilisoma na Rehani, mvulana, kipa wa timu ya shule, mpira ulikuwa haumpiti. Na Waarabu wenyewe Raihan ni wa kiume kwanza. Yule mwanachuoni mkubwa al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 na akapiga hesabu ya ukubwa wa dunia kwa kupima mlima, anajulikana kwa kuniya ya Abu Raihan, baba Raihan. Lile kundi la kaswida la Malaysia lililovuma miaka ya tisini, Raihan, wote wanaume. Na wazee wanaojua mambo ya zamani watakwambia kingine ambacho hakisemwi sana kwenye vikao: enzi za utumwa mabwana walikuwa wanapenda kuwabatiza watumwa wao majina ya manukato na vito, Ambari, Kafuri, Marjani, Almasi, na Raihani naye alikuwemo. Malik Ambar, yule Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaishia kuwa mtawala kule Ahmadnagar, India, akafariki 1626, jina lake ndo staili hiyohiyo. Sikwambii hili kukutisha, jina zuri halichafuki kwa sababu kuna mtu alilitumia vibaya, ila ni vizuri ulijue kabla hujaambiwa na mtu kwa kukukomoa.

Sasa dawa. Ongeza a. Raihana.

Usione ni kaherufi kamoja tu. Kwa Kiarabu raihan ni mirehani kwa ujumla, kama unavyosema "nyasi" au "mchele". Ukiweka ule mkia wa a unapata kimoja kutoka kwenye lile fungu, kitawi kimoja cha mrehani. Yaani bibi yako alikuwa na uwanja mzima, wewe umechuma kitawi kimoja. Mimi nilipolijua hilo nikasema hili jina linatosha hata bila hadithi nyingine.

Lakini hadithi ipo, na ni nzito. Kwenye Bukhari, kile kitabu cha hadithi za Mtume, imepokewa kuwa mtu wa Iraq alimwendea Abdullah bin Umar, sahaba wa Mtume, akamuuliza hukumu ya aliyeko kwenye ihramu, yaani aliyenuia hija, akiua nzi. Ibn Umar akashangaa, watu wa Iraq wanauliza habari ya nzi na wao wamemuua mtoto wa binti ya Mtume, na Mtume alisema hao wawili, Hassan na Hussein, ni raihana zangu mbili hapa duniani. Raihana, umbo hilohilo lenye a. Wanachuoni wanasema ni kwa sababu mtoto unamnusa na kumbusu kama unavyonusa ua, na wewe ukishajifungua utajua, kichwa cha mtoto mchanga kina harufu yake ambayo haiuzwi chupani.

Na jina lenyewe ni la kale, Raihana bint Zaid anatajwa kwenye sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, karne ya 7 hiyo. Kwahiyo hujatunga.

Kutumika je? Nchi kama Uingereza na Marekani wanatoa orodha ya majina ya watoto kila mwaka, Wamarekani wanaanzia mwaka 1880 na wanakuwekea hata jina lililopewa watoto watano tu. Sisi tunapima kwa masikio. Simama nje ya chuo cha Kurani saa ya kutoka, uite Zainabu, watageuka sita. Ita Yasmini, wawili. Ita Raihana, labda mmoja, na siku nyingine hageuki mtu. Ndo levo yake hapa kwetu, linajulikana na hakuna atakayekuuliza ni jina la wapi, lakini haligongani. Ukitoka nje ya kwetu ndo utashangaa lilivyosambaa, Pakistan na India wanasema Rehana na huko si geni hata kidogo, Irani Reyhaneh, Bosnia wanaandika Rejhana kwa jei, Uturuki na Azabaijani Reyhan bila a na ni wa kike, kuna mchoraji maarufu wa Azabaijani Reyhan Topchubashova alizaliwa 1905. Kila mahali wameligeuza kidogo wakavaa, sisi ndo tumeligonganisha na mkopo.

Kuhusu bibi, mimi naona humpotezi hata chembe. Mtoto akiuliza kwanini Raihana unamwekea jani la mrehani kiganjani unasugua, maelezo yameisha. Na ukipenda zaidi, siku ya arubaini mtengenezee kikuba, asumini, waridi, mrehani, mkadi kama utaupata, vile walivyokuwa wanabana wazee kwenye nywele au kifuani. Kuna watu wanadhani mrehani ni kiungo cha piza tu siku hizi, wamesahau ulikuwa chumbani kabla haujafika jikoni. (Ndugu yake mrehani, kivumbasi, yeye kazi yake kufukuza mbu, anasaidia watu kweli, lakini sijasikia mtu akimwita mtoto Kivumbasi. Dunia haina shukrani.)

La mwisho kwako, na hili nakusihi: chagua spelingi moja kabla hujaenda kwenye cheti. Raihana, Rayhana, Rehana, Rihana, zote ni jina moja lakini kwenye kompyuta ni watu wanne. Andika kwenye karatasi herufi kubwa, mpe mume, mpe anayeandika kadi ya kliniki, na ukipewa cheti cha RITA soma palepale dirishani kabla hujaondoka. Maana kadi ikisema hivi na cheti kikasema vile, mtoto akifika umri wa kitambulisho na pasipoti ndo utaanza habari za viapo kwa wakili kwa ajili ya y na i. Mimi ningeandika Raihana, inasomeka kama inavyotamkwa. Rehana nayo nzuri, ila bado iko karibu mno na kile kicheko cha baba mkubwa.

SWALI: Anti, sisi huku Mombasa twasema mrihani. Mwanangu wa kike yuaitwa Rihana, ana miaka minane. Kila mtu adhani nimempa jina la yule mwimbaji, hata ustadhi aliniuliza kwa jicho la pembeni. Nimejitetea nimechoka. Kwani huyo mwimbaji jina lake si ndilo hilihili?
Baba Rihana

JIBU: Baba Rihana pole, unalipa deni ambalo hukukopa (leo madeni yananifuata). Yule ni Robyn Rihanna Fenty, amezaliwa Barbados 1988, Rihanna ni jina lake la katikati, na dunia ilianza kulisikia 2005 alipotoa wimbo wake wa kwanza. Kabla ya hapo mtu akiita Rihana huku pwani hakuna aliyekuwa anageuka kutafuta spika. Ukifungua vitabu vya majina utakuta lake wanalifungamanisha na hilihili la Kiarabu, na wengine wanalipeleka kwa Rhiannon, jina la Kiwelisi ambalo halihusiani na mrihani kabisa. Wewe la kwako halina utata, liko kwenye lahaja yenu, mrihani mti wake, rihani majani, Rihana mtoto. N moja. Hiyo n moja ndo wakili wako, ishikilie.

Na kwa ustadhi, mpelekee tu hadithi ya Ibn Umar niliyoitaja hapo juu, anaijua kuliko mimi, ataona aibu kidogo halafu mtakunywa kahawa. Ila nikwambie ukweli baba, mtoto wa miaka minane kufananishwa na mwimbaji tajiri si utani mbaya sana, muulize mwenyewe kama linamkera. Naweza kuapa hapa kwamba linakukera wewe.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe anti. Nimesikia jina Raihana nikalipenda sana, shida mimi ni Mkristo, mume wangu anasema ni jina la Kiislamu na mchungaji hatalikubali kwenye ubatizo. Je ni lazima uwe Mwislamu? Kama hapana nipe la kufanana nalo.
Mama Wawili, Mbeya

JIBU: Amina mama. Jina lenyewe ni jina la mmea, kama Yasmini, na Yasmini naona makanisani wapo wamejaa. Lakini siwezi kukuambia ugombane na mume kwa ajili ya jani, na kwa kweli huku kwetu ukisema Raihana watu watasikia Uislamu kwanza, mmea baadaye.

Ila nina zawadi yako, na iko kwenye Biblia yako mwenyewe. Fungua Esta 2:7. Utakuta yule binti aliyelelewa na Mordekai alikuwa anaitwa Hadasa, ndiye Esta. Hadasa ni Kiebrania, ni mmea unaoitwa mhadasi, kichaka cha majani ya kijani mwaka mzima na maua meupe yanayonukia. Na neno letu mhadasi lenyewe ni ndugu wa hilohilo, limepitia kwa Waarabu.

Sasa sikia sehemu inayonifurahisha. Raihan kwa Kiarabu cha zamani haikuwa lazima mrehani, ilikuwa mmea wowote wenye harufu nzuri, kila nchi ikachagua wake. Huku kwetu ikatua kwenye mrehani. Waarabu waliotawala Hispania wao raihan yao ikatua kwenye mhadasi, mpaka leo Wahispania mhadasi wanauita arrayán, na kwenye lile kasri la Alhambra mjini Granada kuna ua lenye bwawa refu limezungushiwa mihadasi pembeni, linaitwa Patio de los Arrayanes. Kwahiyo ukimwita mtoto Hadasa, kwa mtu wa Granada umemwita Raihana vilevile, mchungaji amefurahi, mume amefurahi, na wewe moyoni unajua ulichofanya. Na Hadasa kutumika ni hivyohivyo, wapo lakini si wengi, Esta ndo amelifunika miaka yote.

SWALI: Anti mambo, swali fupi. Mke wangu anataka Sidra, mama yangu hataki hata kulisikia. Ni nini Sidra?
Niko katikati, Unguja

JIBU: Poa. Sidra ni mkunazi. Mti huohuo wa kunazi mlizokuwa mnapigia mawe mkiwa wadogo, na hapo Mji Mkongwe mna mtaa mzima unaitwa Mkunazini kwahiyo hilo ni jina la nyumbani kabisa hata kama mkeo kalitoa kwenye simu. Watu wanalipenda kwa ajili ya Sidratul Muntaha, mkunazi wa mwisho, suratu Najm aya ya 14. Naanza kulisikia kwa watoto wadogo wadogo, kwa watu wazima sijalisikia, linakuja hilo.

Mama nahisi namjua shida yake, na hajasema kwa sababu anaona haya. Majani ya mkunazi ndo yanayoogeshea maiti. Mtu mzima aliyeosha maiti wengi ukimwambia mjukuu wake anaitwa Mkunazi pua yake inakumbuka sabuni nyingine kabisa, usimlaumu. Usimpeleke kwa hoja. Msomee tu al-Waqia aya ya 28, ileile sura yenye raihan, kule peponi kuna mikunazi isiyo na miiba. Akikaa kimya, mwambie mkeo aanze kudarizi jina kwenye shuka. Akisema "na ya huku je, ina miiba au haina?", basi baba rudini kwenye Zainabu.